Matela ya Mama na Mchekeshaji Asiyesema

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya wakati wa vita ambayo haijanitoka mpaka leo. Tulikuwa Butembo, katika sale, ule ukumbi wa parokia, madirisha yamefunikwa na mablanketi ili tupate giza mchana. Mama yangu alikuwa benchi la mbele, mikono mapajani. Alikuwa ametoka Kasugho kwa miguu, matela, godoro lake la kulalia, kichwani. Walianza safari pamoja na baba, na baba akafia njiani. Tangu afike kwangu alikula kwa kulazimishwa, na kuzungumza ndiyo alikuwa ameacha kabisa. Ukimsalimia anainua macho tu. Niliogopa, nakuambia ukweli. Niliona kama na yeye ananiponyoka.

Mimi siku zile nilikuwa mueleza filamu. Usicheke. Filamu zilikuja na Kifaransa ama Kichina, donc nilisimama pembeni na mikro, nikiwaambia watu kwa Kiswahili na Kinande nani anamfukuza nani. Walisema filamu bila Kambale ni fufu bila mboga, na mimi nikaamini. Siku ile nikajiapia: leo mama atacheka.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, haina sauti hata kidogo. Aliileta Mwalimu Paluku, muzee aliyetufundisha wote shule ya msingi na ambaye alitunza mashine ya sinema ya parokia. Alimpenda yule mchekeshaji kupita kiasi: mzungu mwembamba, masikio makubwa, suruali imeishia juu ya kifundo. Kila mara alitueleza kwamba mtu huyo hakuishia kucheza tu, filamu yote aliipanga yeye, mpaka mahali pa kusimamisha kamera. Kwangu yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Basi mwanga ukapiga ukuta, nami nikaanza. Mzungu akitembea, natoa mlio wa viatu. Akianguka, napiga kelele. Nikampa jina, nikamuoza bibi mkali, nikampa mpaka ukoo wa huku kwetu, Kayna! Vijana wakacheka kidogo. Mama, wapi. Nikaongeza sauti. Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia mwanajeshi, kijana wa mkoa wa mbali asiyejua Kinande, akaegemea ukuta wa nyuma. Watu wakakauka. Nikamwona mama anavuta kitenge mabegani, na mimi kwa woga nikazidi kuropoka.

Mwalimu Paluku akaiacha mashine ijizungushe, akaja akashika mkono wangu wenye mikro, akaushusha polepole.

"Kambale, nyamaza kidogo," akaniambia. "Huyu mutu aliweka kamera mbali ili tumuone muzima, toka kichwa mpaka viatu. Hapana kumukimbiza. Yeye anajua kungoja."

Nilikasirika, mais yeye alikuwa mwalimu wangu. Nikaenda kukaa kando ya mama.

Ukabaki mlio wa mashine peke yake. Ukutani palikuwa na mlango wa nyumba, mwembamba, na hakuna mtu. Unaangalia, hakuna. Unaendelea kuangalia, bado. Kisha kwa mbali kabisa akatokea yule bwana, anahama, matela kichwani imemfunika mpaka macho. Kabla hajafika watu walishaanza kucheka, maana mlango tulikuwa tumeuona, na matela hiyo inakuja. Akasukuma. Ikajikunja, ikamrudisha barabarani. Akaingia kinyumenyume, yeye ndani, matela nje, wanavutana. Kamera haikusogea, mwanangu. Ilimwacha ahangaike. Alipokaa juu ya matela yake kupumzika, hapo ndipo ikamsogelea usoni, na uso ule haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka kama sisi tulivyochoka.

Nyuma yangu mwanajeshi alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Kando yangu mabega ya mama yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, na machozi yanashuka humo humo.

"Ona, na yeye hapana kuiacha," akasema. "Baba yenu alinigombeza njia yote juu ya ile matela. Akachoka kugombeza, akanisaidia kuibeba."

Ndiyo mara ya kwanza alimtaja baba. Jioni ile alikula bila kuombwa, akaanza kunisimulia safari yao, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka nikajua baba yangu alivyokufa na alivyotaniana na mama hata kule porini. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa nimejifunza.

Yule mchekeshaji namupenda mpaka leo. Nikikutana na filamu yake, kwanza naangalia aliweka kamera wapi.

Na wewe mwanangu, kilio bado kinatutembelea huku, Beni na Butembo, unajua mwenyewe. Ukienda kwa aliyefiwa, usimfunike na maneno yako, hata yawe matamu. Kaa mahali unapoweza kumwona mzima. Mwachie nafasi. Akichoka na kukaa chini, hapo msogelee. Na kicheko kikimjia katikati ya machozi, usimwonee haya, cheka naye.

Enda salama. Mungu akupe mtu wa kukusaidia kubeba, hata kama atakugombeza njia yote.