Pamba Ndani ya Galoni

Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi ya kwaya hapa Shinyanga mjini, kijana wetu wa gitaa aliweka chombo chini akatuambia kwamba bila spika mpya ile sauti tunayoitaka hataipata. Wenzangu wakaanza kubishana, huyu anasema sauti ni vidole, yule anasema ni mashine. Mimi niliendelea kupanga viti, rafiki yangu, maana ubishi huo niliwahi kuupima mwenyewe nikiwa binti wa miaka tisa, na sikuumaliza vizuri.

Tulikuwa tunakaa na bibi karibu na machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, halafu kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo kwa majivu, huku makarasha, mashine za machimboni, yakisaga mawe mpaka masikio yanazoea. Jirani yetu alikuwa mchimbaji kutoka Kigoma, mtu mpole, aliyejifunza kumwamkia bibi kwa Kisukuma na kila siku akakosea palepale. Alikuwa na gitaa alilolitengeneza kwa galoni la bati la mafuta, mkono wa ubao, na nyuzi alizozichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake ilikuwa nene na laini. Nilikuwa naacha sufuria na majivu yake nikakae kumsikiliza, na bibi ananiita mara tatu kabla sijasikia.

Nilitaka sana kujua sauti ile inatoka wapi. Nilimwangalia vidole, vilivyokomaa kwa kushika nyundo. Akipumzika nililigonga galoni kwa siri na kuweka sikio. Bibi alinicheka, akasema natafuta maziwa kwenye kengele ya ng'ombe.

Basi mpiga gitaa wa kwaya ya kanisani akahama, na mwalimu wa kwaya akaahidi kuja Jumapili, baada ya ibada, kumsikiliza jirani. Akifaa, angepewa chumba cha kanisa na kazi ya ulinzi. Jirani hakutuficha kitu. Alisema kila akishuka kwenye duara, lile shimo lao, anahisi udongo unamsubiri, na angefurahi asishuke tena. Jumamosi aliliacha gitaa kwa bibi, kwa kuwa kibanda chake kilivuja.

Nami nikataka kumsaidia. Kwetu mgeni hapelekewi chombo kichafu. Nikaligeuza galoni lile na kukuta ndani kuna bonge la pamba, limeshika vumbi. Katika nyumba zote za wakulima wa pamba watu waliziba magaloni ya mafuta kwa pamba, kwa hiyo nilijua mara moja kwamba ni kizibo kilichotumbukia. Nikakichomoa kwa kijiti, nikakitupa motoni jikoni, nikasugua galoni mpaka likameta.

Mwalimu alipokuja, jirani alipiga mara moja tu, bati likazizima na kukoroma. Alichungulia tunduni. Kisha aliniangalia mimi. Nikaelewa kwamba ile pamba aliiweka mwenyewe, ili bati lisikorome.

Halafu nikaona jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Alilaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi na kuanza kupiga polepole kwa dole gumba peke yake, na ile sauti ikarudi. Ningeapa ni ileile. Lakini mwalimu akaomba pambio la haraka, na mkono unaobana nyuzi hauwezi kukimbia. Kila alipouinua, bati lilianza kukoroma tena.

"Mkono mzuri," mwalimu alisema. "Ila chombo hiki ni kelele tupu."

"Mwalimu, mchagua jembe si mkulima," bibi akamwambia. "Mpe gitaa la kanisa umsikie."

"Lile ni la umeme, na betri haina chaji leo, bibi. Tutaona wiki ijayo."

Nami nilikuwa na la kusema, nikaogopa. Wiki haikuisha kabla ya habari kuja kwamba upande wa Geita dhahabu imeibuka, na wachimbaji wakaanza kuondoka kwa makundi. Jirani naye akafunga mzigo.

Siku hizi magaloni yale ya bati ni nadra, watu wana madumu ya plastiki, na kibandani pake pameota miiba. Bibi tulishamzika. Ukiniuliza kuhusu sauti, nitakwambia mkono unaweza mengi, lakini usimpokonye mtu kilicho chake halafu ukaupima mkono wake. Sijui kama huko Geita alishuka tena kwenye duara. Sijawahi kupata wa kumuuliza.

Asubuhi ya kuondoka alipita kuaga. Nilimsikia akimwuliza bibi, "Binti yuko wapi? Sijamuaga." Bibi akajibu labda nimeenda kuchota maji. Akasubiri kidogo, kisha nikasikia viatu vyake vikienda. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nimebana pumzi, na shikamoo niliyopaswa kumpa ninayo mpaka leo.