Pikapu Iliyoota Mpunga

Juzi hapa Ifakara, mama mmoja muuza mchele, mkubwa kwangu kwa umri, alinichukua nikamkagulie pikapu ya mtumba, eti kwa kuwa nimesoma. Muuzaji wa gari alikanyaga mafuta mpaka kuku wakatawanyika.

"Mama, ukinywa chai hapa, Mikumi unafika jasho lake halijakauka! Na mafuriko haijawahi kuyaona."

Nilifumba macho, nikaisikiliza injini kitaalamu. "Iko safi," nikasema.

Mama alivua kandambili, akapanda, akafunua kapeti nyuma ya kiti. Chini yake kulikuwa na tope bichi, na kwenye tope miche mitatu ya mpunga.

Akashuka taratibu. "Mwanangu, palilia vizuri," alimwambia muuzaji. "Nitarudi kuvuna."

Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi, shikamoo."

Sikuthubutu kuitikia.