Pasi Isiyo na Kishikio

Siku ya kwanza mwalimu wa chekechea alipoingia dukani, aliulizia vitu vilivyokufa. Mwenye duka la vyombo vilivyotumika, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bei Moja kwa sababu hakuwahi kuwa nayo, alidhani anataniwa.

"Vilivyokufa vipi, mwalimu?"

"Pasi isiyoshika moto, mama. Jiko lisilowaka. Birika lililokatwa waya. Watoto wanajifunza kwa kushika. Nikiwaambia kwa mdomo tu, wanaitikia 'ndiyo mwalimu', halafu wanakwenda kuunguza vidole."

Bei Moja alimpima kwa jicho. Shati limenyooka, viatu vimechoka. Huyu ananunua kwa pesa yake mwenyewe. Hakumwonea huruma, maana huruma haijawahi kumlipia kodi ya duka. Alijua pia kwamba kijana huyu anaijua kazi yake: mjukuu aliyekuwa akimlea alisoma kwake, na siku hizi alikuwa akimkemea bibi kwa kuacha kisu ukingoni mwa meza.

Bei ya jiko na birika walikubaliana upesi. Kwenye pasi wakakwama.

"Mama, unaniuzia maiti kwa bei ya mzima?"

"Maiti huyu ana viungo vyote. Mtazame."

"Mpunguze basi."

Bei Moja akachukua bisibisi, akafungua skrubu mbili, kishikio kikabaki mkononi mwake. "Haya. Hiki ninaye mteja wake. Mwili chukua kwa bei yako."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja akiamini amempiga mwenzake bao.

Jioni moja mjukuu alimwonyesha bibi somo jipya, akitumia kopo la unga. "Pasi hailali juu ya nguo, bibi. Ukiikuta imelala, isimamishe." Akalikumbatia kopo kwa viganja viwili, huku na huku. "Hopa!" Bei Moja akampigia makofi. Viganja aliviona, akaendelea kuchambua mchele.

Wiki ya tatu tangu mauzo yale, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliitwa nje na mteja, akaacha pasi imelala juu ya suruali. Ukelele ulipotoka, Bei Moja ndiye aliyefika wa kwanza. Suruali ilikuwa nzima. Pasi ilikuwa imesimama wima, kama inavyotakiwa. Kando yake alikuwa binti wa fundi, wa miaka mitano, aliyesoma darasa moja na mjukuu, mikono ameinyoosha mbele, viganja juu.

"Nimeisimamisha," alisema kwa kwikwi, akingoja kusifiwa.

Fundi alikuwa akirudia neno lile lile. "Kishikio si hiki hapa? Mbona hakukishika? Mbona hakukishika?"

Bei Moja alijua kwa nini.

Tangu hapo mikono yake ikawa haimtii. Akifuta redio, anashtuka viganja vyake vimeikumbatia ubavuni, kimoja huku, kimoja kule. Akikaza skrubu, anasikia "hopa!" karibu na sikio. Anageuka, kumbe ni masufuria tu.

Shule ikaita wazazi. Waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakifika kidevuni, lakini hakuna aliyecheka. Fundi alitaka mwalimu aondolewe. Bei Moja alipiga hesabu zake. Akisema ni yeye aliyeng'oa kile kishikio, nusu ya lawama itamtoka kijana na kuhamia dukani kwake, na huyu fundi ni jirani wa kutazamana milango.

"Hebu tuambie, nani alikuuzia kitu cha namna hii?" fundi aliuliza.

Mwalimu hakugeuza shingo. "Nilikiona kilivyo, nikakichagua mwenyewe. Nilitaka cha bei nafuu."

Bei Moja akakohoa. Mwalimu mkuu akamtazama. "Bi mkubwa, ulikuwa na neno?"

"Sina."

Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa amekabidhi darasa. Alipopita nje ya duka na mfuko wake wa vitabu, alimwamkia kama kawaida, "Shikamoo, mama," wala hakusimama. Mwalimu mpya alikuja na picha za kubandika ukutani na wimbo wa kuimba.

Kwa hiyo Bei Moja aliokoa jina lake. Fundi bado humletea wateja, na hujambo haijakatika baina yao.

Ila siku moja mjukuu alichuchumaa mbele ya jiko la mkaa, akauliza, "Bibi, mwalimu wetu alisema tukimaliza vitu vya baridi, atatufundisha vya moto. Sasa nani atatufundisha?"

"Mimi. Lete mkono."

Akaushika mkono ule mdogo, akaupeleka juu ya makaa, kwa mbali.

"Unasikia?"

"Bado."

Akausogeza kidogo. "Sasa?"

"Bado, bibi."

Bei ya kila kitu dukani aliijua, lakini mkono huu hakujua ausimamishe wapi. Mtoto alikuwa akimtazama usoni, ametulia kabisa, amemwachia mkono.