Fataki za Sur na Fataki za Nizwa

Mume wangu alikuwa na ugomvi mmoja tu na dunia, nao ulihusu bunduki ya babake. Mengine yote yalimpita. Mshahara uchelewe, maji ya faleji, mfereji wa mtaa, yakatike, watoto waugue surua kwa pamoja, yeye husema "kheri" akaendelea na chai yake. Ukimtajia bunduki ile, anaweka kikombe chini.

Babake aliondoka Ibra angali kijana, akenda Unguja kutafuta maisha, na bunduki akamwachia mdogo wake amtunzie. Hakurudi tena. Tuliorudi ni sisi, kama mtu anaweza kuambiwa amerudi mahali ambapo hajapata kufika: mimi, mume wangu, mamake na watoto wetu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na masanduku yaliyojaa vitu ambavyo huku havikuwa na kazi. Tulileta miavuli. Tulileta mbuzi ya kukunia nazi katika nchi isiyo na mnazi hata mmoja kwa macho yetu. Bunduki tuliikuta imetundikwa ukutani katika majlis, chumba cha wageni, cha ami yake, yule aliyeachiwa. Ilikuwa ya zamani, ya risasi moja moja: unavuta wenzo wa chini, inafunguka, unatia, unafunga.

Ami hakusema kwamba haitoi. Alisema bunduki ni ya anayejua kuipiga. Idi, siku ya pili, wanaume wa mtaa walikuwa wakitoka kwenda wadini, kwenye bonde kavu nje ya mji, kupiga shabaha. Jiwe jeupe huwekwa kwenye mteremko wa jabali, na kila mtu kwa zamu yake hukaa chini, goti juu, akapiga. Mume wangu akilivunja jiwe kwa risasi tatu, bunduki ni yake. Asipolivunja, itabaki kwa wana wa ami na maneno yamekwisha. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba watu waliokulia Afrika wanajua karafuu, bunduki hawaijui, na wala si aibu. Upole ule ndio uliomchoma mume wangu.

Kwani kweli hakuijua. Alikuwa karani wa stoo katika skuli, na akaanza kujifunza bunduki kama karani anavyojifunza kitu, kwa kukichambua kipande kipande.

Risasi za bunduki ile zilikuwa taabu kupatikana, na watu walizijaza wenyewe majumbani. Ganda la shaba hutumika tena na tena. Unaitoa fataki iliyokwisha kulipuka, unatia mpya, unatia baruti, unaziba juu kwa risasi uliyoiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu. Kwa asiyeijua, fataki ni kikombe kidogo cha shaba, ukubwa wa punje ya dengu, kinachokaa kwenye kitako cha ganda. Sindano ya bunduki ikikigonga, hutoa cheche, na cheche ndiyo inayowasha baruti. Pasipo cheche, ulichoshika ni fimbo nzito.

Baruti na risasi hazikumpa tabu. Risasi alinunua kwa wavuvi wa Sur, vile vizito vya nyavu, akavichanganya na bati kidogo ili vigande vizuri. Baruti aliipima kwa mizani ya sonara aliyoipata katika souq ya Nizwa, jikoni kwangu, juu ya meza niliyokatia vitunguu, mpaka nikamwambia achague, baruti au mchuzi. Akahamia ukumbini.

Fataki ndizo zilizomnyima raha. Zilikuwapo za aina mbili. Za Sur zililetwa na wafanyabiashara wa huko, ndani ya vikopo vya bati vilivyoanza kushika kutu. Za Nizwa zilikuwa mpya, laini, zimepangwa katika visanduku vya karatasi. Kila mwanamume wa Ibra alikuwa na rai yake, na rai zote zililetwa nyumbani kwetu, zikatolewa mbele ya kahawa yangu. Mmoja alisema za Sur ni kali, zinawasha baruti hata ikiwa mbovu. Mwengine akasema ukali si sifa, hata pilipili ni kali. Mimi nilijaza vikombe. Sijapata kusikia watu wazima wakibishana hivyo juu ya kitu kinachoweza kupotea katika mkunjo wa msala.

Mume wangu aliwasikiliza wote, kisha akafanya lake. Skuli walikuwa wametupa meza moja iliyovunjika mguu. Akaifunga mguu kwa waya, akaipakia kwenye gari pamoja na mifuko ya mchele aliyoijaza mchanga na bunduki ambayo ami alimwazima kwa mazoezi, na kila Ijumaa baada ya sala tukaenda wadini, mimi na yeye na chupa ya chai. Aliitengeza meza isitikisike, akailaza bunduki juu ya mifuko, akakaa nyuma yake kwenye kiti kama anayesubiri kuandika barua.

Waliopita walicheka. Huku mwanamume hapigi bunduki mezani. Nami nilimwuliza kwa nini asikae chini kama wenzake.

"Nikiishika mimi, sitojua kosa ni langu au la fataki," alinambia. "Nikiilaza, inasema yenyewe."

Basi akaiachia iseme. Baruti kipimo kimoja, risasi za kalibu moja, maganda yaleyale. Alichobadilisha ni fataki tu. Za Sur zililipuka zote, lakini risasi moja ikaenda juu, ya pili ikaenda chini, na mara nyengine ulisikia "tak", kisha kimya kidogo, ndipo mshindo. Za Nizwa hazikuwa na kimya hicho. Tulipokwenda kuutazama ubao aliousimamisha kwa shabaha, matundu yalikuwa yamekaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kisahani cha kikombe. Nilifurahi, sitoficha, ingawa mpaka saa ile nilikuwa nikijiona nimekwenda kwa ajili ya upepo tu.

Akachagua za Nizwa. Hata hizo alizichuja: iliyoingia kwenye ganda kwa ulegevu aliiweka kando, aliyoisikia inakaza kidogo chini ya kidole ndiyo aliyoiamini. Baada ya hapo alijifunza kupiga akiwa amekaa chini, na hilo halikumchukua muda mrefu, kwa sababu sasa alijua kwamba likitokea kosa ni lake, na kosa lako mwenyewe unaweza kulirekebisha. Ramadhani ilipokaribia kwisha alikuwa akilivunja jiwe mara nyingi kuliko kulikosa. Wana wa ami waliliona hilo, wakaacha kucheka.

Risasi za Idi alizijaza kwa utulivu mkubwa, akazipanga katika kopo, akampa mamake azifungie kabatini mwake ambamo watoto hawafiki. Akamwambia jambo moja tu.

"Mama, zisipate unyevu. Zikipata unyevu zimekufa."

"Niachie mimi," mavyaa akamjibu.

Hofu ya unyevu tulitoka nayo kisiwani. Unguja chumvi ya bahari inakula bawaba, makufuli, mikasi, hata sindano ndani ya kifuko chake. Ibra nguo ya kwanza inakauka kabla hujaanika ya pili, lakini hofu haikujua kwamba tumehama. Mavyaa wangu alikuwa na dawa moja ya unyevu, aliyoitumia kwa vyombo vyote vya madini tangu akiwa mwari, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwuliza.

Asubuhi ya siku ya pili ya Idi alizitoa mwenyewe. Zilimetameta. Akazichomeka kwenye mshipi wa mwanawe moja baada ya moja, akamsomea, akampulizia. Zilinukia nazi kidogo, lakini naye mwenyewe alinukia nazi, kichwa mpaka mikono, na harufu hiyo kwetu ilikuwa harufu ya nyumbani. Mume wangu alimbusu mkono.

Wadini wanawake tulikaa garini, madirisha wazi, karibu kiasi cha kusikia. Zamu yake ilipofika akakaa, goti juu, akalenga. "Tak." Akasubiri. Hapana kitu. Akafungua, akatia ya pili. "Tak." Watu wakaanza kugeuka. Ya tatu nayo ikasema "tak", na jiwe likabaki jeupe pale lilipo.

Ami aliinama, akaokota moja katika zile zilizotoka. Akaitazama kitako, akaipitisha kidole, akainusa.

"Hii imepakwa mafuta," akasema kwa Kiarabu, na sauti yake ilifika garini bila ya shida. "Yameingia ndani ya fataki, yameiua. Fataki haipakwi mafuta. Nani kafanya hivi, ya waladi, mwanangu? Nimekuona ukipiga, unajua kupiga. Kama ni mkono wa mtu mwengine, sema, hii haihesabiki. Utajaza nyengine, utapiga Idi ya Haji."

Niligeuka kumtazama mavyaa. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia. Kiarabu cha Ibra, kinachokwenda mbio na kumeza nusu ya maneno, kilimpita kichwani. Alikuwa amekaa wima, mtandio mdomoni, akimtazama mwanawe kwa fahari ileile ya asubuhi. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja: kabati, chupa ya mafuta, kitambaa, na mikono ile ikizisugua siku baada ya siku ili zisipate unyevu.

Mume wangu naye alikuwa ameelewa. Alitazama upande wa gari. Mavyaa alipoona anatazamwa akampungia mkono.

"Ni mimi, ami," mume wangu akasema. "Nimezipaka mwenyewe. Niliogopa unyevu."

Mtu mmoja akarudia, "Unyevu! Ibra!" na wadi nzima ikacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kila walichokuwa wakikisema juu yetu tangu tufike, amewathibitishia kwa kinywa chake, mbele ya mtaa mzima. Ami peke yake hakucheka. Alimtazama kidogo, akasema "khalas", yamekwisha, akaichukua bunduki mkononi mwake na kumpa mwanawe mkubwa.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa cha mlango. Kiarabu changu kilitosha kusema maneno mawili.

"Wanachekea nini?" mavyaa akaniuliza.

Nikautoa mkono kwenye kitasa.

"Wanasema fataki hazikuwa nzuri, mama."

Mume wangu alikuja, akaingia, akawasha gari. Mshipi aliuweka miguuni. Tulikwenda kipande, watoto wakiwa wamelala kwa joto. Kisha mavyaa akainama mbele kutoka kiti cha nyuma, akaweka mkono wake begani kwa mwanawe.

"Umewasikiliza sana watu wa Nizwa, baba. Ungechukua zile za Sur."

"Kweli, mama."

"Usisikitike. Ukipata bunduki nyengine niletee tena mimi. Hizi nilizipaka wiki nzima, sikuacha hata siku moja."

"Nimeona, mama," akasema. "Zilikuwa zinang'ara kuliko za wote."