Chaguo Namba Moja la Sayali

Namdev Salgar alikuwa dresa kwa miaka ishirini na saba katika zahanati ya Daktari Deshmane, nyuma ya kituo cha mabasi, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kumwona ameketi. Alichoma sindano, alifunga vidonda, alipima presha, alisaga vidonge na kuvifungia kwenye vipande vya gazeti. Wagonjwa wengi, mimi nikiwa mmojawao, tulimpenda kuliko daktari mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ukimuuliza, "Unachoma lini?" anakujibu, "Pandisha suruali, nimemaliza zamani." Lakini hakuna siku iliyopita bila Deshmane kumfokea mbele za watu, mara kwa pamba iliyoanguka, mara kwa mlango uliolia. "Namdev, kichwani una ubongo au maji?" Naye hujibu, "Ndiyo, mkubwa," huku akicheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu akaona haya kusema.

Mimi ni Bhaskar Lohar, jirani yake. Nina duka la fotokopi na intaneti mkabala na shule ya upili. Kila mwaka yakitoka matokeo ya mtihani wa taifa wa kuingia udaktari, duka langu hufurika wazazi. Mtihani wamefanya watoto, homa wanaugua wao. Maana alama peke yake haitoshi. Mtoto anapaswa kupanga orodha ya kozi na vyuo, kuanzia anachokitaka zaidi mpaka anachokitaka kidogo, kisha aifunge kwa namba ya siri inayoingia kwenye simu. Mashine huanza juu ya orodha na kushuka. Alama zako zikitosha mahali, hapo hapo inasimama na kukupa, wala haitazami kilicho chini. Nimewaambia watu mpaka koo limekauka: usiweke juu kitu usichokitaka. Hawasikii. Wanapanga orodha kama wanaopanga viti vya harusi, kwa kuwaogopa wageni.

Sayali, binti wa pekee wa Namdev, alipata alama mia nne thelathini na nane katika mia saba na ishirini. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na tangu hapo Namdev ndiye aliyemsuka nywele kila asubuhi, mistari ya kichwani imepinda kama njia ya mbuzi, shule nzima ikicheka. Yule mtoto hakuwahi kumwambia baba yake kwamba anachekwa. Aliingia chooni shuleni akazisuka upya, na jioni akazirudisha kama zilivyokuwa.

Alama zile hazikufika kwenye udaktari wenyewe, na Sayali hakulia. Alikuwa na lake. Mji wetu ni mji wa mieleka, na Hambirrao, mwanamieleka tuliyekuwa tukimwamini kuliko mvua, aliwahi kutupwa uwanjani akaumia bega hata kushika kikombe cha chai akashindwa. Alikuja msichana mmoja kutoka Kolhapur, mtaalamu wa tiba ya viungo, akawa anamfanya apandishe vidole ukutani, leo inchi moja, kesho inchi nyingine. Sayali alikuwa na miaka kumi na minne, akawa anakwenda kila siku kuweka alama ya chaki pale vidole vilipofika. Mwezi wa nne wa tiba Hambirrao alijifunga kilemba kwa mikono yake miwili. Sayali alirudi nyumbani akasema anataka kazi ile, na hakuwahi kubadilisha neno.

Jioni moja tuliandika orodha kwao, kwenye karatasi, tukila mchele wa kupondwa uliokaangwa na vitunguu. Namba moja, tiba ya viungo, chuo cha serikali Mumbai. Namba mbili, tiba ya viungo, Nagpur. Chini kabisa, kwa kumridhisha baba yake, aliandika homeopathi, ile tiba ya tembe tamu, katika chuo cha watu binafsi kilicho saa mbili kutoka kwetu.

"Mumbai mbali, mama," Namdev alisema.

"Baba, treni inakwenda."

"Na mlangoni utaandika nini? Nimesikia hawa wa viungo wanabishaniwa hata kuitwa daktari."

"Nitaandika jina langu. Sayali Namdev Salgar. Halijai mlango?"

Tulicheka sote. Namdev naye alicheka, nikadhani yameisha.

Kesho yake saa sita mchana, Sayali akiwa kwa shangazi yake mjini Miraj, Namdev aliingia dukani peke yake. Ameshika ile karatasi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Namba ya siri ingeingia kwenye simu yake, maana katika fomu tuliandika simu yake, kama wafanyavyo wazazi wote hapa.

"Bhaskar, fungua orodha. Ile ya mwisho ilete juu."

"Ipi?"

"Homeopathi. Namba moja."

"Namdev, hiyo ataipata tu. Alama zake zinatosha na kubaki. Ukiiweka juu, Mumbai kwaheri."

"Najua."

"Sayali anajua?"

Akaketi. Namdev, ambaye sikuwahi kumwona ameketi, akaketi kwenye benchi langu. "Bwana, leo asubuhi daktari amenitupia trei. Mbele ya mwanamke mjamzito. Umri wangu huu. Unajua kwa nini mimi natupiwa trei? Kwa sababu jina langu halina kitu mbele yake. Huyu mtoto nimemlea kwa mikono hii. Atasoma miaka akamkande mtu mabega, daktari amwite kwa kidole? Akiwa wa homeopathi ataandika Daktari, na hakuna atakayelifuta. Atakuja kunishukuru."

Nilibisha, sitasema sikubisha. Nilibisha kwa dakika tano. Kisha nikamwona bado ameketi pale, nikamhurumia, nikabadilisha. Namba ya siri ikaingia, akanisomea, nikafunga.

Majibu yalipotoka nilichapisha barua. Juu jina, katikati chuo, na chini, kwa herufi ndogo: chaguo namba 1. Namdev aliliona.

"Hii haifutiki?"

"Barua ya serikali hii, Namdev."

"Basi akiuliza mwambie mashine ndiyo inayohesabu hivyo."

Jioni ile ile aligawa peremende za maziwa mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, hata kwa watu waliogombana naye. Asubuhi kulikuwa na bango njia panda, refu kuliko basi, Sayali ametoa macho kwenye picha ya pasi, na maneno: Hongera Daktari Sayali, fahari ya mji. Miaka sita kabla ya kuwa daktari. Chini walijipanga kwa picha wale wote wanaojipanga kwenye mabango ya mji wetu, diwani, mwenye ghala la mbolea, na mtu mmoja ambaye mpaka leo hatujui ni nani. Namdev alikuwa akipita chini ya bango lile mara nne kwa siku, na njia ya kwenda zahanati haipiti pale.

Kulikuwa na awamu ya pili ya kuchagua vyuo. Aliyepewa nafasi aliruhusiwa kupanga orodha upya, na ilikuwa na siku tatu tu. Siku ya tatu, alasiri, Sayali akaja dukani. Nywele amezisuka mwenyewe. Mkononi ana simu ya baba yake.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, daktari," nikasema. Mungu anisamehe, nilifanya utani.

Aliweka barua juu ya meza, akaelekeza kidole pale chini. "Hii namba moja ni nini?"

Nilijua ameshika simu kwa sababu gani. Nilijua pia kwamba nikisema, nitakuwa nimemvua nguo Namdev mbele ya mwanawe, na peremende zimeshaliwa, na bango lipo. Nikajiambia hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Mwoga hakosi sababu.

"Aa, hiyo," nikasema. "Hiyo mashine inapanga yenyewe. Ulichopewa ndicho inachokiita namba moja. Kule Mumbai alama zimepanda mwaka huu, mwanangu. Hazikutosha."

Sayali akatazama nje, kule njia panda.

"Hazikutosha," akasema. "Sawa, ba'mdogo." Akaikunja barua, akachukua simu, akaenda zake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi.

Alisoma, na alisoma vizuri, maana hakujua kufanya kitu nusu nusu. Namdev alimfungulia chumba cha mbele, akaweka kibao cha shaba chenye neno Daktari, akawa anakisugua kwa ndimu kila Jumapili. Wagonjwa walikuja, kwa heshima ya Namdev. Wakitaka sindano, wanapewa tembe tamu na kuulizwa kama huota ndoto za maji. Walikuwa wakipokea tembe, wanashukuru, wanapita uani kumwomba Namdev awachome sindano. Mwaka wa pili Sayali alifunga chumba. Akaajiriwa hospitali moja ya watu binafsi huko Sangli, kukesha wodini na kuandika faili za wagonjwa wa daktari wa upasuaji.

Siku moja Namdev alimpelekea chakula, mikate ya mtama na mchuzi wa biringanya. Aliporudi alikuja moja kwa moja dukani, kopo la chakula bado limejaa.

"Hajala?" nikauliza.

"Sikumpa. Niliishia mlangoni." Aliliweka kopo juu ya meza. "Yule daktari wa upasuaji alikuwa anamfokea. Mbele ya wodi nzima. Amemwambia, 'Wewe ni daktari au dresa?' Na Sayali amejibu, 'Ndiyo, mkubwa.' Akacheka, Bhaskar. Kile kicheko changu. Sikumfundisha mimi kile kicheko."

"Mwambie, Namdev. Mficha uchi hazai. Mwambie tu ulichofanya."

"Anaamini alama hazikutosha. Miaka yote anaamini yeye ndiye aliyeshindwa. Juzi ameniambia, 'Baba, ningesoma zaidi kidogo tu.' Umesikia? Ananiomba msamaha mimi."

"Basi mwambie leo."

"Baada ya sikukuu ya Diwali. Aje nyumbani, ale, apumzike. Nitamwambia."

Diwali ikapita. Akasema Holi. Holi ikapita, akasema akipata mchumba. Nami, niliyekuwa nikimhimiza, sikuwa na haraka sana, kwa kuwa siku yake ya kusema ingekuwa siku yangu pia. Mwezi wa Julai moyo wake ulisimama akiwa zahanatini, sindano mkononi. Walisema Deshmane alilia kama mtoto. Sijui, sikutaka kumtazama.

Siku moja baada ya matanga ya siku ya kumi na tatu, Sayali alikuja dukani kutoa kopi za cheti cha kifo. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na mvi mbili tatu juu ya sikio. Duka lilikuwa tupu. Nikiwa nimempa mgongo, mashine ya kopi inavuma, nikaona nisiposema sasa nitazikwa nalo. Nikasema yote. Simu, benchi, trei. Nikasema alama zake zilitosha, Mumbai na Nagpur zote mbili.

Nilipogeuka hakuwa analia.

"Nilijua, ba'mdogo."

"Alikwambia?"

"Barua iliandikwa namba moja. Mimi niliandika orodha kwa mkono wangu, nitasahau niliweka nini juu? Nilijua kabla sijaja hapa."

"Sasa mbona kila siku ulimwambia kwamba ungesoma zaidi?"

"Nilikuwa namfungulia mlango. Kila nikisema vile, nilidhani atasema, hapana mama, ni mimi. Siku ya kwanza tu angesema, ningemsamehe kabla hajamaliza. Nimemngoja mpaka tumechoma mwili wake."

Mashine ilitoa kopi ya mwisho ikanyamaza. Nikapanga karatasi zake, nikazigonga mezani zikae sawa, lakini zilikataa kukaa sawa.

"Na siku ile ulikuja na simu yake," nikasema. "Kama ulijua, kwa nini uliniuliza?"

"Nilikuwa naogopa kuibadilisha peke yangu. Bango liko pale, baba anapita chini yake anatabasamu. Nikasema, ba'mdogo Bhaskar anajua. Akinena ukweli, basi tutakuwa wawili, nitakaa kwenye kompyuta yake nibadilishe, na kwa baba tutakwenda wote. Namba ya siri ingeingia kwenye simu ya baba. Nilikuwa nimeishika mkononi."

Nikaanza kujitetea, kama tunavyojua sote. "Mwanangu, si ungesema tu neno moja? Ungeniambia unajua, mimi ningekataa?"

Alichukua kopi zake, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, ba'mdogo," akasema. "Wewe ulikuwa na arobaini na tisa."