Unyayo Chini ya Injini

Karakanani walimwita Mama Nepi, naye hakukasirika, maana jina lilikuwa la haki. Wanawe wawili walishaota ndevu, lakini kila wiki alipita dukani kununua pakiti kubwa ya nepi za watoto wachanga. Muuza duka mmoja mgeni aliwahi kumpa hongera.

"Hongera ya nini, mwanangu?" alimjibu. "Huyu wangu ana pistoni nne na anakojoa oili."

Kazi yake ilikuwa hiyo: kutafuta mahali injini za boti zinapovuja, kuziba, kisha kusafisha ngama, yaani lile tumbo la chini la boti ambako maji machafu hukusanyika. Nepi alizitandika chini ya injini kwa kuwa hunywa oili kuliko tambara lolote. Ufundi alirithi kwa mjomba wake, mtu mkali wa mdomo, ambaye alimwachia funzo moja kubwa kuliko yote: oili ni mwongo. Hutoka juu, hutambaa kwenye bolti, hufuata ubavu wa injini kimyakimya, halafu hudondokea upande usio na kosa lolote. Kwa hiyo usiulize palipolowa. Safisha kwanza, kausha, ndipo uulize.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati lililojengwa juu ya maji, boti zikiingia mpaka ndani. Mchana jua liligonga maji na mwanga ukacheza darini, ukapanda na kushuka, hata mtu akifanya kazi peke yake alihisi kuna watu wanapitapita juu ya kichwa chake. Mama Nepi alikwisha kuzoea. Miaka ishirini na sita si mchezo.

Siku moja asubuhi mwalimu mmoja mstaafu alileta boti ya marehemu mdogo wake. Mdogo huyo watu walimwita Kimya, kwa sababu salamu yake ilikuwa kuinua nyusi tu. Miezi miwili nyuma, siku ya maji matulivu, boti ilikutwa inakwenda yenyewe polepole, injini inanguruma, kifuniko cha injini kimefunguliwa, na ndani hakuna mtu. Hakuonekana tena. Waliompenda walisema ameteleza. Wengine walisema amejitupa, na hao ndio walikuwa wengi.

"Nataka kuiuza," alisema mwalimu. "Lakini kila anayeingia anasema inanuka oili. Nimeosha mara tatu. Inarudi."

"Umeosha na nini?"

"Sabuni ya kufulia."

"Mwalimu, hapo umeipaka manukato tu."

Mama Nepi alianza kwa kuchomoa fyuzi ya pampu ya ngama na kuitia mfukoni, ili pampu isije ikawaka yenyewe ikatema oili ziwani. Akateka oili iliyoelea juu kwa kopo, akamwaga kwenye dumu. Akapiga brashi na sabuni ya kukata mafuta, kona baada ya kona, mpaka rangi nyeupe ya fiba ikaonekana. Akafuta injini yote, akaikausha, akaipaka poda ya mtoto ubavuni kote. Oili ikitoka popote, hata kama ni chozi, itachora mstari kwenye poda. Chini akatandaza karatasi nyeupe ngumu.

Wakaiwasha injini nusu saa, boti ikiwa imefungwa gatini. Poda ikabaki kavu na karatasi ikabaki nyeupe.

"Basi haivuji," alisema mwalimu.

"Au haijataka kusema."

Alishusha kifuniko, akakipiga kufuli, akavaa ufunguo shingoni kama kawaida yake.

Kesho yake alikifungua, mwalimu akiwa kasimama nyuma yake. Poda ilikuwa kavu vilevile, lakini karatasi ilikuwa na doa. Waliinama wote wawili. Lilikuwa doa jeusi la kisigino, ubapa wa unyayo, na vidole vitano vimejipanga kimoja kimoja, kikubwa mpaka kidogo. Ulikuwa mguu wa kushoto wa mtu mzima. Nafasi ile chini ya injini hata paka angeingia kwa kujikunja.

"Oili na maji hucheza," alisema Mama Nepi, sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko alivyotaka. "Huchora chochote. Nimewahi kuona hata sufuria."

Mwalimu alizidi kuinama. Alikuwa anavitazama vidole.

Mama Nepi alitia karatasi nyingine. Wakati anainuka, pampu ikanguruma. Si kwa muda mrefu, labda pumzi mbili, kisha ikanyamaza. Alipeleka mkono mfukoni. Fyuzi ilikuwemo.

"Umesikia?" aliuliza mwalimu.

"Nimesikia," alisema, kwa sababu kudanganya kungekuwa kazi nyingine.

Nyumbani alimsimulia dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume. Dada alikuwa anachambua mchele, akasukuma ungo pembeni.

"Mdogo wangu, rudisha boti ya watu."

"Sijapata tundu."

"Tundu la nini tena? Mtu anakanyaga ndani ya injini, wewe unatafuta tundu!"

"Mgeni akibisha hodi mara mbili, dada, unamuuliza shida yake."

Dada alimtazama sana, halafu akavuta ungo wake. "Basi muulize mchana," alisema.

Siku ya tatu unyayo ulikuwepo tena, safari hii umehamia upande wa kulia, vidole vimeelekea ukutani mwa boti. Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni. Lakini mikono yake ilikuwa na akili zake yenyewe, ikashika tochi. Alimulika kule vidole vilikoelekea. Kulikuwa na sifongo ya kuzuia kelele, imebandikwa ukutani. Aliibonyeza kwa kidole gumba, ikatoa oili kama chuchu itoavyo maziwa. Hapo akapumua. Sifongo ilikuwa imeshiba oili, na boti ikilala ubavu kidogo usiku, oili inashuka yenyewe. Ndiyo maana sabuni ya mwalimu haikufua dafu.

Kwa nini oili iliyoshuka ivae sura ya mguu, hilo sifongo haikuweza kueleza.

Na sifongo hailowi bila kurushiwa. Moja kwa moja mbele yake, upana wa kiganja tu, ilikuwa filta ya oili, mpya, inang'aa. Hakuwa ameishuku hata kidogo.

"Mwalimu, kaza kamba. Leo tunaipa kazi."

Walitia gia boti ikiwa imefungwa, akamwambia asukume akseleta mpaka nusu, kisha zaidi. Nguzo za gati zikalia, maji yakachemka nyuma. Mama Nepi alikuwa amelala kifudifudi na tochi yake. Injini ilipopanda sana, shingo ya filta ilitoa uzi mwembamba wa oili, ukaruka kama mate ya nyoka, ukapiga sifongo, ukatapakaa, ukapenya ufa wa pembeni usiozibwa na kifuniko mpaka kwenye sakafu ya juu, pale anaposimama mtu aliyefungua kifuniko kuangalia. Alipiga kelele mwendo upunguzwe. Uzi ukakatika papo hapo, ukawa kama haukuwahi kuwepo.

Alizima injini, akaifungua filta kwa mkono. Pale ilipokaa kulikuwa na mipira miwili ya duara ya kuzuia oili badala ya mmoja. Ule wa filta ya zamani ulikuwa umeganda kwenye injini, na mtu akafunga filta mpya juu yake bila kutazama. Polepole haivuji. Ukienda mbio, inatema.

Sasa aliona yote, na hakupenda kuyaona. Kimya anakwenda mbio, ananusa oili, anapunguza mwendo, anafungua kifuniko. Uvujaji umekoma, haoni kitu, anasogea upande mwingine aangalie vizuri, mguu mtupu unakanyaga sakafu iliyolowa.

"Umepata?" aliuliza mwalimu.

Alikuwa ameubandua ule mpira wa zamani, na angeweza kuuficha kwenye ngumi. Aliufikiria uwezekano huo, mpira ukimkalia mkononi, bado wa moto. Akaufungua mkono, akaeleza, tangu filta mpaka sakafu.

Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hiyo hakujitupa."

"Hakujitupa."

"Miezi miwili nimekuwa najiuliza nilimfanyia nini." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mwanga wa maji ulipita usoni pake. "Filta hiyo niliifunga mimi, fundi. Ilikuwa wiki moja kabla. Yeye alitaka kuja kwako, nikamwambia fundi wa nini, kazi ya dakika tano."

Mama Nepi alikaa chini kwenye mbao, karibu na miguu ya mwalimu, akaanza kuukwangua ule mpira wa zamani kwa ukucha, polepole, na mwalimu akalia bila sauti, kwa muda mrefu. Nyuma yao, ndani ya boti, pampu isiyokuwa na fyuzi ilinguruma mara moja, taratibu, kama mtu anayekohoa ili wajue yupo. Hakuna aliyegeuka.

Mama Nepi alibandua sifongo yote, akaichoma nje ya banda pamoja na karatasi zile mbili. Asubuhi iliyofuata nepi alizotandika chini ya injini zilikuwa kavu, na zikabaki kavu.

Mwalimu hakuiuza boti. Jumamosi moja alikuja amevaa ovaroli jipya lenye mistari ya pasi, akaomba afundishwe kufunga filta. Mama Nepi alimfundisha. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na nyingine tena, mpaka kazi hiyo ikawa yake pale karakanani. Kabla ya kufunga filta yoyote hupitisha kidole kuzunguka kitako cha injini, halafu humwita.

"Fundi, njoo uniangalizie. Kuna kitu kimebaki?"

Mama Nepi huona tangu mbali kwamba pale ni safi. Huacha kazi yake, huenda, huinama, hupitisha kidole na yeye.