Lori Langu la Mkuyu

Harufu ya mti unaotobolewa kwa msumari wa moto hunirudisha Garsen papo hapo, nikiwa na miaka tisa, macho yamejaa moshi na mdomo umejaa ubishi. Zama hizo za mkoloni, malori ya kwenda Lamu yalipanga foleni kivukoni kungoja pantoni, nami niliyazunguka na kijiti changu cha kupimia mpaka matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakanifukuza. Nilitaka kuchonga lori la vipimo sawasawa, magurudumu yaingie chini ya madigadi bila kugusa. Si kama vigari vya wavulana, vilivyotembelea vifuniko vya chupa!

Baba alikuwa mchonga mitumbwi. Nyumbani kwetu msichana hakugusa tezo. Eti mtumbwi ungevuja. Basi nikaokota masalio ya mkuyu, nikachonga kwa kisu cha Mama cha samaki. Kaka yangu Komora alicheka mpaka akakaa chini.

"We Mwanajuma, umeona wapi msichana na gari?"

"Utaliona kesho mteremkoni."

Baba alitusikia. "Likifika chini na magurudumu yote manne, utaendelea kuchonga," alisema. "Likishindwa, nalitia motoni, na mambo ya kuchonga basi."

Sasa oneni nilivyojiponza. Magurudumu yalilegea kwenye ekseli, ambayo nayo ilikuwa ya mti. Mimi mtoto wa mchonga mitumbwi nilijua dawa moja tu: mti ukilowa huvimba, ukivimba hubana. Nikaliloweka lori zima mtoni. Lilipotoka, magurudumu yalibana ajabu, nikatamba kijiji kizima. Kumbe mtumbwi hukaa majini, gari hukaa juani! Kufikia adhuhuri ekseli ilikuwa imesinyaa, na katikati ya mteremko gurudumu la mbele likachomoka, likaenda zake peke yake mpaka miguuni mwa Komora.

Watoto walinizomea. Baba akanyoosha mkono apewe lori. Nikalikumbatia.

"Umeshindwa, mwanangu. Acha."

"Siachi, Baba."

Kumjibu mzazi vile mbele za watu! Nilichapwa, nikalia kwa sauti, lakini lori sikulitoa. Mwishowe Baba alichoka, akaenda zake.

Siku nne nilianika mti juani mpaka ukakauka kabisa. Nikachonga ekseli mpya, nene kidogo, nikapunguza unene wa magurudumu ili yasikwaruze madigadi, nikayatoboa upya kwa msumari wa moto. Kila ncha ya ekseli nikaifunga kwa mwiba. Kisha nikalipeleka mteremkoni bila kumwomba mtu ruhusa. Likashuka lote, na magurudumu yote manne, likasimama mchangani. Baba aliliokota, akazungusha gurudumu kwa kidole gumba, akanirudishia.

Jioni hiyo kigari cha Komora cha vifuniko vya chupa nacho kikaharibika ekseli. Baba alimwambia, "Rekebisha."

Wakati ule nilifurahia ushindi wangu tu. Nilikuwa mama wa watoto nilipong'amua kwamba kosa letu lilikuwa moja, lakini yeye aliambiwa rekebisha, mimi nikaambiwa acha. Nilimpenda Baba, na nilimzika kwa machozi. Ila kwa lile neno nililomjibu mteremkoni sikumwomba radhi hata siku moja, na leo ningemjibu vilevile.